UZI: Greg LeMond, aliyepigwa risasi na shemeji yake akarudi kushinda Tour de France kwa sekunde 8

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa mashindano ya Kigali kuna mdau alisema Wamarekani hawana tena mtu wa kujivunia kwenye baiskeli tangu Lance Armstrong anyang'anywe mataji yake ya Tour de France kwa kosa la dawa. Nikajua huyu hamjui LeMond. Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nimeona bora nilipe uzi wake.

Kwa wasiofuatilia, niweke msingi. Tour de France huchukua wiki tatu. Kila siku ina mshindi wake, lakini muda wa kila mtu unajumlishwa kuanzia siku ya kwanza, na mwenye jumla ndogo ndiye anavaa jezi ya njano. Kwa hiyo unaweza kulichukua kombe bila kushinda hata siku moja. Pili, ni mchezo wa timu. Mmoja ndiye bosi, wengine kazi yao kumkinga upepo, kumletea maji, kumpa hata tairi yao ikibidi. Nani ni bosi? Hilo swali ndilo limezaa nusu ya uzi huu, lishikeni.

LeMond alizaliwa Juni 1961 Lakewood, California, akakulia Nevada karibu na mji wa Reno. Mapenzi yake yalikuwa kuteleza kwenye theluji, baiskeli alishauriwa aifanye kama mazoezi ya msimu wa joto. Ikamnogea. Mwaka 1979 akawa bingwa wa dunia wa vijana kule Buenos Aires. Mwaka 1980 alichaguliwa kwenda Olimpiki ya Moscow, lakini Rais Carter akaisusia na wanamichezo wao wakabaki nyumbani. (Sisi Tanzania tulikwenda, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha moja moja. Mara moja moja lazima tujisifu.)

Mfaransa mmoja, kocha Cyrille Guimard, alikuwa ameshamwona. Akamsajili timu ya Renault, na mwaka 1981 dogo wa miaka 19 na mkewe wakahamia Ulaya. Bosi wa timu hiyo alikuwa Bernard Hinault, Mfaransa wa Bretagne, aliyepewa jina la Blaireau, yaani nyegere. Na kwa kweli alikuwa nyegere mtupu. Ukimgusa hakuachii.

1982 LeMond akashinda Tour de l'Avenir, ile Tour ya vijana, kwa zaidi ya dakika kumi. 1983, Altenrhein nchini Uswisi, akawa bingwa wa dunia wa wakubwa, Mmarekani wa kwanza kwa upande wa wanaume. Ana miaka 22. 1984 akaingia Tour kwa mara ya kwanza, akamaliza wa tatu. Mshindi alikuwa Laurent Fignon, Mfaransa wa miwani na nywele za kimanjano, mwenzake wa timu moja. Huyu naye mkumbukeni.

Nachukua chai, narudi.

Mpiga Pampu

Nimeweka kambi hapa. Uzi bila picha lakini, mkuu, ni kama ugali bila mboga.

dada_wa_Makorora

Kaka, kwa upande wa wanaume umesema vizuri, maana nilikuwa nakuvizia. Huko mbele usije ukatuandikia kwamba LeMond ndiye Mmarekani wa kwanza kushinda Tour de France. Mwaka huohuo wa 1984 kulikuwa na Tour ya wanawake, na aliyeshinda ni Marianne Martin, Mmarekani. Alipanda jukwaani Paris pamoja na huyo Fignon wako.

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Dada, umenikamata kabla sijaiba. Nilikuwa nimeshaandika hivyohivyo kwenye rasimu, nimefuta. Asante.

Tuendelee. Sasa inaanza shughuli.

Hinault aligombana na Guimard akahama, akaenda timu mpya ya La Vie Claire, mali ya tajiri Bernard Tapie. Tapie akamfuata LeMond na mkataba wa dola milioni moja na ushee, fedha ambayo mchezo huu haukuwa umewahi kuiona. LeMond akasaini. Kwa maneno mengine, alilipwa vizuri ili akakae nyuma ya Hinault.

Tour ya 1985. Hinault anaongoza, anatafuta taji la tano. Anaanguka Saint-Étienne, pua inavunjika, macho yanavimba, anapumua kwa shida. Milimani Pyrenees, siku ya kupanda Luz Ardiden, LeMond yuko mbele pamoja na Stephen Roche wa Ireland, na Hinault ameachwa. Kama angekanyaga kwa nguvu zake zote pale, jezi ingekuwa yake. Gari la timu likamfikia: usisukume, Hinault yuko nyuma kidogo tu anakuja, msubiri. Akatii. Alipofika kileleni ndipo akagundua pengo lilikuwa kubwa kuliko alivyoambiwa. Alilia, wakuu. Hinault akachukua taji lake la tano, LeMond wa pili kwa dakika 1 na sekunde 42.

Hinault akaahidi hadharani: mwakani nitamsaidia Greg ashinde.

Mwakani ukafika. Siku ya kuelekea Pau, Hinault akatoroka na Pedro Delgado wa Hispania, na jioni jezi ya njano ikawa mgongoni mwake. LeMond yuko nyuma kwa dakika 5 na sekunde 25. Atafanyaje? Kumkimbiza mwenzake wa timu ni mwiko, ukifanya hivyo unawabeba wapinzani wote mgongoni. Kesho yake Hinault akatoroka tena, anateremka mlima Tourmalet kama kapewa habari ya msiba. Safari hii akajimaliza mwenyewe. Akaishiwa pumzi, LeMond akamfikia, akampita, akashinda Superbagnères na kufuta karibu pengo lote kwa siku moja.

Kwenye mlima Col du Granon, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, jezi ikahamia kwa LeMond. Kesho yake Alpe d'Huez wawili hao wakapanda pamoja, wameacha dunia nzima nyuma, wakavuka mstari wameshikana mikono wanatabasamu. LeMond akamwachia mzee ushindi wa siku. Picha nzuri sana ile. Muda si mrefu Hinault yuko kwenye televisheni anasema mbio bado hazijaisha.

Wazee wetu walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Hiyo timu ya La Vie Claire iligawanyika, Wafaransa upande wao, wanaozungumza Kiingereza upande wao, na LeMond alifika mahali anaogopa hata chakula na baiskeli yake. Alifika Paris wa kwanza, Hinault wa pili kwa dakika 3 na sekunde 10. Hakuna mtu kutoka nje ya Ulaya aliyewahi kushinda Tour ya wanaume kabla yake.

Hinault mpaka leo anasema alikuwa anamsaidia, alikuwa anawachosha wapinzani na kumkomaza dogo. Mimi binafsi siamini hata nusu yake. Msaada gani wa kumwacha mtu dakika tano?

Mpiga Pampu

Mkuu mimi nitamtetea Hinault. Mwenye mataji matano anaomba la sita kwenye ardhi ya kwao, halafu umwambie akae pembeni? Ahadi za michezoni ni kama ahadi za kampeni. Ila tufike kwenye risasi, ndiyo iliyonileta.

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Haya, risasi.

Machi 1987 LeMond alivunjika mkono kwenye mbio za Italia, akarudi Marekani kuuguza. Tarehe 20 Aprili, siku moja baada ya Pasaka, akaenda kuwinda bata mzinga kwenye shamba la familia huko Lincoln, California, yeye na ndugu wawili akiwemo shemeji yake, mume wa dada. Wamevaa nguo za kujificha, kila mtu na kichaka chake. Shemeji akaona kitu kinatikisika mbele yake. Akafyatua. Kilichotikisika ni Greg.

Bunduki ilikuwa ya marisau, na karibu marisau 60 yaliingia mgongoni na ubavuni. Pafu la kulia likasinyaa. Bahati yake, helikopta ya polisi wa barabara kuu ilikuwa jirani, ikamchukua hadi hospitali ya chuo kikuu kule Sacramento. Madaktari walisema dakika kama ishirini zaidi na damu ingekuwa imekwisha. Mkewe alikuwa mjamzito. Marisau zaidi ya 30 hawakuyatoa, yalikuwa mahali pabaya: mengine kwenye ini, mengine kwenye utando wa moyo. Yamo mpaka leo.

Miezi michache baadaye utumbo ukajifunga, akarudi kwenye kisu. 1988 akapata tatizo la kano za mguu. Tour mbili zikampita. Timu kubwa zikaacha kupiga simu, na 1989 akajikuta ADR, timu ya Ubelgiji ambayo kwa Tour ilikuwa ya kusindikiza. Hapo napenda mtulie kidogo mfikirie. Bingwa wa Tour na wa dunia, miaka 27, yuko kwenye Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia, Juni 1989 anaachwa na watu waliokuwa wakimwomba maji zamani. Alimpigia mkewe simu anasema anataka kuacha. Wakampima, damu yake haina madini ya chuma. Akachomwa sindano. Siku ya mwisho ya Giro, mbio za kushindana na saa, akamaliza wa pili. Mshindi wa Giro yenyewe alikuwa Fignon, na wapo waliosema kocha Guimard aliiona ile nafasi ya pili akaanza kuwa na wasiwasi.

Tour ikaanza Luxembourg. Delgado, bingwa mtetezi, alichelewa kufika kwenye mstari wa kuanzia kwa dakika 2 na sekunde 40. Bingwa mtetezi! Ndivyo mbio zilivyobaki za watu wawili.

Sikilizeni hesabu hii. Baada ya mbio za saa za kilomita 73 kuelekea Rennes, LeMond anaongoza kwa sekunde 5. Superbagnères, Fignon anaongoza kwa sekunde 7. Orcières-Merlette, LeMond kwa sekunde 40. Alpe d'Huez, Fignon kwa sekunde 26. Kesho yake Fignon anashinda siku, sasa sekunde 50. Jezi imekuwa kama mpira wa danadana. Imebaki siku ya mwisho, na mwaka huo waandaaji walikuwa wameamua siku ya mwisho isiwe ya kunywa shampeni barabarani kama ilivyozoeleka. Iwe mbio za saa, kila mtu peke yake, Versailles hadi Champs-Élysées, kilomita 24.5.

Sekunde 50 kwa kilomita 24.5. Yaani sekunde mbili kila kilomita. Magazeti ya Paris yalikuwa tayari na Fignon.

Nala, nikirudi namalizia.

dada_wa_Makorora

Kaka hapa ndipo pa kula?? Rudi!

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Nimerudi, ni ndizi tu.

Tuangalie vifaa kwanza maana watu hubishana sana hapa. LeMond alifunga usukani wa nyongeza, ule wa wanaoshindana kuogelea, kuendesha na kukimbia kwa pamoja: vipini viwili vinachomoza mbele, unalaza viwiko, mikono inakutana, mwili unakuwa kama mshale. Kichwani kofia iliyochongoka nyuma. Fignon alikuwa na usukani wa pembe wa kawaida, kichwa wazi, nywele zimefungwa mkia unapepea. Upepo haujui nani Mfaransa. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalisemi: Fignon alikuwa na jipu la kwenye tandiko. Aliyewahi kuendesha Phoenix kutoka shamba hadi mnadani na kiti kimechanika anajua nazungumzia nini.

LeMond aliwaambia watu wake kwenye gari wasimtajie muda wowote njiani. Hakutaka kujua. Aliingiza gia kubwa, akainamisha kichwa, akasukuma. Dakika 26 na sekunde 57. Wastani wa kilomita 54.5 kwa saa, kwa miguu ya binadamu mwenye marisau mwilini.

Kisha akasimama kusubiri, kwa sababu mwenye jezi huanza mwisho. Itafuteni ile video. Amesimama kwenye umati, anainua shingo, anasikiliza mtangazaji akihesabu. Fignon anaonekana pale mbali, anayumba kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Saa inapita. Fignon akavuka mstari akaanguka kwenye mawe ya Champs-Élysées. Muda wake dakika 27 na sekunde 55. Alikuwa wa tatu siku ile, si kwamba aliendesha vibaya. Lakini sekunde 50 zake zilikuwa zimeliwa, na nane juu yake.

Kilomita 3,285, zaidi ya saa 87 juu ya tandiko, tofauti sekunde 8. Ukiigeuza umbali kwa mwendo wa wastani wa mbio nzima ni mita 80 na kidogo, haifiki urefu wa uwanja wa mpira. Kwenye Tour ya wanaume haijawahi kutokea tofauti ndogo kuliko hiyo.

Mwezi mmoja baadaye, Chambéry, mvua, ubingwa wa dunia. Fignon anashambulia tena na tena, LeMond anamfuata kila mara, mwisho akawashinda Konyshev wa Umoja wa Kisovyeti na Sean Kelly kwenye mita za mwisho. Fignon wa sita. Kama uliwahi kuwa na mtu mmoja tu anayekuharibia kila kitu maishani, ndivyo LeMond alivyokuwa kwa Fignon msimu ule.

1990 akahamia timu ya Z kwa dola milioni 5.5 za miaka mitatu, akashinda Tour ya tatu bila kushinda hata hatua moja (niliwaambia inawezekana). Kwenye hatua ya kwanza watu wanne walipewa dakika kumi za bure, mmoja wao Claudio Chiappucci wa Italia, na LeMond alimfukuza wiki tatu hadi akamvua jezi siku moja kabla ya Paris.

Baada ya hapo ni mteremko. 1991 wa saba. 1992 akashinda Tour DuPont kwao Marekani, ushindi wake mkubwa wa mwisho. Desemba 1994 akatangaza kustaafu, akisema misuli yake ina ugonjwa wa kushindwa kutengeneza nishati. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda alianza kujiuliza mwenyewe kama alipungua yeye au wenzake ndio waliongezeka. Miaka ile ndipo EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, ilipoingia kwenye msafara, na kipimo chake kikaja mwaka 2000.

Kijana wa Kigali

Muraho, salamu kutoka Rwanda. Mleta uzi, umemruka mtu anayetuhusu sisi. Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kukimbia Tour de France, mwaka 1981. Kwenye ubingwa wa dunia 1982 pale Goodwood, Uingereza, Boyer alikuwa mbele peke yake karibu na mstari. Aliyemkimbiza kwa nyuma ni LeMond, Mmarekani mwenzake! Saronni wa Italia akachukua faida, akashinda, LeMond akapata fedha. Huyo Boyer ndiye aliyekuja kwetu 2007 kuwa kocha wa timu ya Rwanda, na kijana wake Adrien Niyonshuti akafika Olimpiki ya London 2012. Mimi 2025 nimesimama barabarani hapa Kigali kutazama Pogačar wa Slovenia akishinda jezi ya ubingwa wa dunia, ileile aliyoshinda LeMond. Kwa hiyo hiyo methali yako ya nguoni, hata LeMond aliwahi kuwa mdudu kwenye nguo ya mwenzake.

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Kaka, umenipiga na umenipiga sawasawa. Utetezi wa LeMond ulikuwa kwamba hakukuwa na timu ya kweli ya Marekani siku ile, kila mtu alikwenda kivyake. Lakini ni kweli, hoja hiyo ndiyo hiyohiyo ambayo Hinault angeweza kuitumia 1986. Nimelala nayo.

Mwisho ni suala la Armstrong, kwa ajili ya yule mdau. Mwaka 2001 Armstrong ni mungu wa Marekani. LeMond akasema hadharani hapendezwi na uhusiano wa Armstrong na Michele Ferrari, daktari aliyehusishwa na dawa za kuongeza nguvu. Hasira ikawaka. Ndani ya wiki chache ikatolewa taarifa ya kuomba radhi kwa jina lake, ambayo baadaye alisema alishinikizwa. Baiskeli za jina lake zilitengenezwa na Trek, kampuni iliyomdhamini Armstrong pia, na uhusiano huo uliishia mahakamani 2008, wakasuluhishana 2010. Kwenye kesi ya dawa ya Floyd Landis, Mmarekani aliyeshinda Tour ya 2006, mwaka 2007, usiku kabla ya kutoa ushahidi, meneja wa Landis alimpigia simu kumtisha kwa siri ya udhalilishaji aliofanyiwa utotoni. Kesho yake LeMond akaenda akaisema siri hiyo mwenyewe mbele ya baraza. Waliomwita mzee mwenye wivu walikuwa wengi sana, na wengi walikuwa Wamarekani wenzake.

Landis akapoteza taji la 2006. Oktoba 2012 Armstrong akapoteza yote saba. Kwa wanaume, kwenye kitabu rasmi akabaki Mmarekani mmoja, mwenye mataji matatu: 1986, 1989, 1990. Desemba 2020 sheria ya kumpa medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani ikasainiwa. 2022 akatangaza ana saratani ya damu, ile inayokwenda taratibu na inayotibika kwa vidonge.

Mpiga Pampu

Na Fignon? Usituache hivyo.

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Fignon alifariki Agosti 2010 kwa saratani, miaka 50. Aliwahi kusimulia kwamba watu wakikutana naye humwambia, ah, wewe si ndiye uliyekosa Tour kwa sekunde nane? Naye huwajibu: hapana bwana, mimi ndiye niliyeishinda mara mbili.